Fadhila ya Punda na Deni la Binadamu: Funzo la Majira ya Baridi Nchini Mongolia

Wahenga walinena kwamba fadhila ya punda ni mateke. Ni nadra kumpata mwanafunzi wa Kiswahili, tangu shule ya msingi hadi chuo kikuu, ambaye hajawahi kuitungia insha methali hii. Aghalabu insha yenyewe hufuata mkondo mmoja: pana yatima aliyelelewa kwa hali na mali, akasomeshwa, akapata cheo, kisha akamgeuka mlezi wake. Mwalimu hutia alama ya vyema, na punda hubaki palepale alipokuwa, kielelezo cha asiye na shukrani. Jambo ambalo haliulizwi darasani ni hili: kati ya punda na mwenye punda, ni nani hasa aliyemfadhili mwenzake? Aliyebeba maji, kuni na magunia ya mahindi kwa miaka kumi ni punda. Aliyebebewa ni binadamu. Iweje basi mdeni ndiye anayedai kushukuriwa?

Makala haya yanadai kwamba methali hiyo, licha ya mafunzo yake mema, imewazoesha watumiaji wa Kiswahili kuitazama shukrani kutoka upande mmoja tu, yaani upande wa anayengojea kushukuriwa. Ili kuuona upande wa pili, itafaa msomaji asafiri kwa fikra hadi nchi ya mbali ambako mnyama wa jamii moja na punda, naye ni farasi, amembeba binadamu kwa karne nyingi, na ambako kila mwaka majira ya baridi humlazimu binadamu huyo kushuka mgongoni na kumtumikia aliyembeba. Nchi hiyo ni Mongolia.

Mongolia imezungukwa na Urusi na Uchina, wala haina pwani. Wakazi wake ni takriban milioni 3.5, ilhali mifugo yao ilikadiriwa kufikia milioni 64 na ushei mwishoni mwa mwaka 2023. Wafugaji wa huko huhesabu aina tano za mifugo: farasi, ng'ombe pamoja na yaki, ngamia, kondoo na mbuzi. Miongoni mwa hao watano, farasi ndiye mwenye heshima kuu, na katika miaka ya hivi karibuni idadi ya farasi imezidi idadi ya watu. Ama kuhusu baridi, Ulaanbaatar hutajwa kuwa mji mkuu wenye baridi kali kuliko miji mikuu yote duniani. Katika sehemu nyingine za nchi, kipimo hushuka hadi nyuzi 40 chini ya sufuri mwezi Januari.

Hata hivyo, baridi peke yake haimtishi Mmongolia. Kinachomtisha ni msiba ambao lugha yake imeupa jina mahususi, zudi. Pana zudi nyeupe, ambapo theluji huwa nene kiasi kwamba wanyama hawawezi kuyafikia malisho. Pana zudi ya chuma, ambapo theluji huyeyuka kidogo kisha ikaganda tena na kuifunika nyasi kwa gamba la barafu. Halafu pana zudi nyeusi, ambapo theluji haianguki kabisa, na wanyama wanaotegemea kuila theluji hiyo ili kukata kiu hufa kwa kukosa maji. Mara nyingi zudi hutanguliwa na kiangazi cha ukame. Malisho yakiwa haba wakati wa joto, mnyama huingia katika kipupwe akiwa hana mafuta mwilini, na mlango wa mauti huwa umekwisha kufunguliwa kabla theluji ya kwanza haijaanguka. Katika zudi ya 2009 hadi 2010 waliangamia wanyama zaidi ya milioni 8, takriban moja kwa tano ya mifugo yote ya nchi hiyo. Katika ile ya 2023 hadi 2024 waliangamia zaidi ya milioni 7.

Sasa na itazamwe kazi ya mtu anayemtunza farasi katika hali kama hiyo. Kazi hii haianzi theluji inapotanda. Huanza mwezi Agosti na Septemba, nyasi zinapofyekwa, kuanikwa na kurundikwa. Farasi wa Kimongolia hana banda. Ni mfupi, mnene, mwenye manyoya yanayozidi kushonana kadiri mchana unavyofupika, naye hulala nje katika upepo. Kinga yake kuu ni chakula. Nyasi zinapochachuka katika utumbo mpana wa farasi hutoa joto; kwa hiyo mfugaji anayempelekea farasi dhaifu konzi za nyasi kavu jioni huwa anamwashia moto wa ndani utakaomfikisha asubuhi. Rundo la nyasi likiisha, moto huo nao huzimika.

Manyoya hayo mazito yana udanganyifu wake. Farasi aliyekonda huonekana mnene kwa mbali, na jicho pekee halitoshi kumjua. Ni lazima mfugaji avue kinga ya mkono katika baridi ile, apenyeze vidole chini ya manyoya, na kuzihesabu mbavu. Farasi wa kupandwa naye hapaswi kutokwa na jasho jingi, kwani jasho likiganda mwilini linaweza kumwua. Akirudi safarini hufungwa kwanza mpaka apoe, na jasho kukwanguliwa, ndipo aachiliwe kula. Walio dhaifu, hasa majike wenye mimba na watoto wa mwaka wa kwanza, husogezwa karibu na hema, wakafunikwa mablanketi na kupewa pumba. Kukicha, mfugaji hutoka kuhesabu waliosimama.

Katika miaka ya kawaida ni farasi anayewaokoa wenzake. Yeye huifukua theluji kwa kwato zake mpaka nyasi ionekane, naye kondoo na mbuzi, ambao nguvu zao ni ndogo, hufuata nyuma na kula palipofunuliwa. Katika zudi ya chuma kwato hizo hushindwa. Barafu huukata mguu wa farasi, na mpangilio wote hugeuka: binadamu hushika sepetu na sururu, akatangulia mbele na kulivunja gamba la barafu, huku farasi akimfuata na kuinamisha kichwa palipovunjwa. Aliyekuwa juu ya tandiko sasa yuko chini kwa miguu, na aliyekuwa akiwafungulia wengine njia sasa anafunguliwa yeye.

Hapa ndipo ilipo hoja ya makala haya. Mtu aliyesoma methali ya punda peke yake angetarajia kwamba katika tukio hili farasi ndiye anayefadhiliwa, na kwamba yeye ndiye mwenye wajibu wa kushukuru. Mfugaji mwenyewe anazo sababu za kuona vingine. Maziwa ya farasi yaliyochachushwa, ambayo aliyanywa na kuwanywesha wageni wake mwezi Julai, yalitoka kwa jike huyu anayetetemeka. Kondoo waliotawanyika nyikani walikusanywa kwa mbio za dume yule. Mtoto wake alishindana juu ya mgongo huu katika sikukuu ya Naadam, ambayo hufanyika kila mwaka mwezi huohuo wa Julai. Kila konzi ya nyasi anayoipeleka gizani ni malipo ya deni alilolikopa wakati wa joto. Mwenye kushukuru hapa ni binadamu, na shukrani yake ina uzito unaopimika kwa kilo za nyasi.

Isitoshe, shukrani hiyo haingoji matokeo mema. Katika fikra za wengi, mtu hupokea kwanza, akafurahi, kisha akashukuru. Mfugaji wa zudi hana hakika ya kupokea chochote. Huenda farasi anayemkanda miguu leo akawa mzoga kesho. Baada ya zudi ya 2010, wapo wafugaji waliolipwa ujira wa kuzika mizoga katika mpango uliosimamiwa na Umoja wa Mataifa. Ukataka kujua uchungu ulivyo, fikiria kulipwa kwa kumzika uliyemlinda usiku kucha. Licha ya hayo, kazi ya utunzaji humpa mtu jambo ambalo majira ya neema hayawezi kumpa. Wakati wa joto kundi ni wingi tu unaotimka kwenye upeo wa macho. Wakati wa baridi kila farasi huwa mmoja mmoja: huyu mwenye kikohozi, yule aliyekatwa ukwato, na huyu ambaye asubuhi pumzi yake ingali ikitoka puani kama moshi. Yamkini hakuna anayeijua thamani ya pumzi hiyo kumshinda aliyeamka kuitafuta. Shukrani ya namna hii huzaliwa ndani ya kazi yenyewe, wala haiji baadaye kama ujira.

Utamaduni wa Wamongolia unalithibitisha jambo hili kwa njia kadhaa. Mosi, pana desturi ya kunyunyiza maziwa kuelekea mbinguni, ambayo aghalabu hufanywa na mama wa nyumba asubuhi, kwa kijiko cha mti chenye vishimo tisa. Kabla mtu hajanywa, fungu la kwanza hutolewa. Pili, farasi aliyependwa, hasa aliyepata sifa katika mashindano, huenziwa hata baada ya kufa kwa fuvu lake kuwekwa juu ya chungu za mawe matakatifu vilimani. Tatu, zeze lao mashuhuri lina kichwa cha farasi kilichochongwa, na nyuzi zake hutengenezwa kwa singa za mkia wa farasi. Mwaka 2008 zeze hilo liliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa kitamaduni usioshikika.

Nne, na hili liwavutie hasa wanaisimu, Kimongolia kina mamia ya maneno ya kutaja rangi za farasi. Kwa kawaida farasi hapewi jina kama la mtu. Huitwa kwa rangi yake, na rangi hizo zimechambuliwa kwa makini kiasi kwamba mfugaji aweza kumtambulisha mmoja miongoni mwa mia kwa neno moja au mawili. Msamiati wa namna hiyo haupatikani kwa kutazama mara moja. Ni ushahidi wa vizazi vilivyotazama kwa makini, na kutazama kwa makini ni hatua ya kwanza ya kushukuru.

Linganisha hali hiyo na Kiswahili. Farasi aliingia katika lugha hii pamoja na maneno yenye asili ya Kiarabu kama vile hatamu na lijamu. Katika matumizi ya leo maneno hayo yamebaki zaidi kama sitiari za mamlaka: kiongozi hushika hatamu, na mwenye mdomo mkali hutiwa lijamu. Hakuna ajabu katika hilo, kwani katika mwambao farasi hakuwa mnyama wa kila boma. Alikuwa mnyama wa wachache wenye nguvu, na lugha ikamkumbuka kutoka juu ya tandiko. Kiswahili kinajua namna ya kumwongoza farasi. Namna ya kumshukuru haijapata nahau.

Zipo pingamizi ambazo haifai kuzipuuza. Ya kwanza ni kwamba mfugaji huyu hutunza mali yake tu. Farasi wa Mongolia huuzwa, na nyama yake huliwa, hususan wakati wa baridi. Je, si unafiki kumwita mwenye kisu mtu wa shukrani? Jibu ni kwamba shukrani haidai mikono isiyotenda. Inadai ukumbusho wa kile kilichochukuliwa na kutoka kwa nani kilichukuliwa. Mlaji wa mjini anayenunua nyama iliyofungwa katika karatasi hana damu mikononi, lakini pia hana mtu wala mnyama wa kumkumbuka. Mfugaji anayo yote mawili. Faida na shukrani zinaweza kukaa katika moyo mmoja bila kugombana, kama zinavyokaa katika moyo wa mwana anayempenda mama yake aliyemnyonyesha.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Yaweza kusemwa kwamba sifa za namna hii hupamba umaskini na kuficha makosa. Ni kweli kwamba mifugo ya Mongolia imeongezeka mno tangu miaka ya 1990, hasa mbuzi wanaofugwa kwa ajili ya sufu laini ya kashmiri, na kwamba malisho yamechakaa kwa kulishwa kupita kiasi, huku mabadiliko ya hali ya anga yakizidisha makali ya ukame na baridi. Shukrani haiwezi kuchukua nafasi ya nyasi ghalani wala ya sera nzuri. Ndiyo maana mwaka 2006 Mongolia ilianza kufanyia majaribio bima ya mifugo inayolipa kwa kufuata kiwango cha vifo katika wilaya nzima, pasipo kuhitaji kukaguliwa mzoga mmoja mmoja. Anayeshukuru kwa dhati hujiandaa. Fundo la nyasi lililofungwa Agosti ni sehemu ya shukrani kama vile sururu ya Januari.

Bima hiyo ndiyo inayolirejesha suala hili nyumbani. Mnamo Januari 2010, bima ya aina iyo hiyo, ila inayopima ukijani wa malisho kwa setilaiti, ilizinduliwa Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Hivyo basi wafugaji wa theluji na wafugaji wa jangwa walikwisha kukutana katika daftari za wataalamu, ingawa hawajakutana katika fasihi. Zudi ya Marsabit, Wajir, Turkana na Mandera ni ukame. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana kwa mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa nchini. Wafugaji waliwanyanyua ng'ombe walioshindwa kusimama, wakawatafutia majani mitini, na kugawana nao maji ambayo hayakuwatosha wao wenyewe.

Wakenya wengi wa mijini walilionaje jambo hilo? Swali lililosikika sana lilikuwa: kwa nini watu hawa hawakuuza mapema? Ni swali halali la mchumi, na wapo wafugaji waliouza na wengine waliotamani kuuza wasipate mnunuzi. Lakini likiulizwa peke yake huwa na kiburi ndani yake. Huchukulia kwamba uhusiano wa binadamu na mnyama ni daftari la mapato tu, na kwamba anayekesha na ng'ombe wa kufa ni mjinga. Si wachache miongoni mwa wasomaji wa jarida hili ambao karo yao ilitokana na fahali au mbuzi aliyeuzwa sokoni, wakaja chuoni, wakajifunza kuuliza swali hilo. Ikiwa pana yatima katika insha ya fadhila ya punda, huenda ni huyu msomi mwenyewe.

Tena punda naye asisahauliwe, maana ndiye aliyeanzisha mjadala. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda wapatao milioni 1.8 nchini Kenya. Ile ya 2019 ikapata takriban milioni 1.2. Katika kipindi hicho, kuanzia 2016, machinjio ya punda yalifunguliwa, na ngozi zikapelekwa Uchina kutengenezewa dawa ya asili iitwayo ejiao. Kina mama waliotegemea punda kuteka maji waliamka na kukuta kamba imekatwa. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, Mahakama Kuu ikaitangua marufuku hiyo mwaka 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakaafikiana kuikomesha biashara ya ngozi za punda barani. Baada ya historia kama hiyo, mtu anahitaji ujasiri kusimama darasani na kufundisha kwamba kati ya viumbe hawa wawili asiye na fadhila ni punda.

Haidaiwi hapa kwamba methali hiyo ifutwe. Methali ni hazina, na hazina haichomwi moto kwa sababu ya ukungu. Kinachopendekezwa ni kwamba ihakikiwe kwa vigezo vilevile ambavyo wanafunzi wa fasihi huvitumia kuhakiki riwaya na tamthilia: nani anasema, nani amenyimwa sauti, na usemi huu unamfaidi nani. Kwa mtazamo huo, teke la punda laweza kusomwa kama kauli ya pekee aliyoachiwa mbebaji ambaye hajawahi kuambiwa ahsante. Wahenga wenyewe hawakuwa na kauli moja. Walisema pia: mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi. Hapo walikiri kwamba katika mizani ya shukrani mnyama aweza kumshinda mtu, ingawa walimsifu mbuzi kwa sababu ya mchuzi wake.

Wahadhiri na walimu watakaoitoa tena methali ya punda kama swali la insha wangefanya vyema kuwataka wanafunzi waitunge mara mbili: kwanza kama kawaida, kisha kwa upande wa aliyebeba mzigo. Huenda katika insha hiyo ya pili mwanafunzi wa Garissa akamkumbuka ngamia wa babu yake, na mwanafunzi wa Kiambu akamkumbuka ng'ombe mmoja wa maziwa aliyelisha nyumba nzima. Nako Mongolia, nyasi zitakatwa tena Agosti na kurundikwa, na theluji ikianguka mtu atatoka hemani kabla ya mapambazuko, avue kinga ya mkono, na kuzitafuta mbavu za farasi wake chini ya manyoya.